Ushauri wa kumaliza chaji hadi sifuri unaua betri za kompyuta zetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nizungumzie jambo lililonikaa moyoni tangu Januari ya mwaka juzi, siku nilipofungua stoo ya shule yetu hapa Morogoro baada ya likizo ndefu na kukuta kompyuta mpakato 9 kati ya 24 hazikubali tena kuchajiwa. Mashine zenyewe zilikuwa nzima. Zikichomekwa kwenye umeme ziliwaka na kufanya kazi zote, lakini ukichomoa waya zilizima papo hapo kama taa ya ukutani. Tulikuwa tumezipokea miaka miwili kabla ya siku hiyo, zikiwa mtumba lakini zenye uwezo wa kukaa karibu saa tatu bila umeme, na kwa shule isiyo na jenereta, ambako umeme hukatika katikati ya kipindi bila taarifa, saa hizo tatu ndizo zilizotuwezesha kufundisha somo la kompyuta kwa vitendo badala ya kuchora kibodi ubaoni.

Kinachoniuma ni kwamba hatukuzipuuza. Tulizitunza kwa bidii, ila tulizitunza kwa kanuni isiyo yake. Muuzaji aliyetuletea alituambia, na mafundi wawili niliowauliza baadaye wakathibitisha, kwamba kompyuta isichajiwe mpaka chaji iishe kabisa, na ikishachomekwa isichomolewe mpaka ijae, la sivyo betri "itazoea" na kuanza kuisha mapema. Niliichapa kanuni hiyo kwa herufi kubwa na kuibandika kwenye mlango wa maabara, na wanafunzi wakaitii kwa miaka miwili. Tulipofunga shule mwezi Desemba, kompyuta zilizokuwa zimeishiwa chaji tuliziweka kabatini zikiwa tupu vilevile, na zilizokuwa zimejaa tukaziweka zikiwa zimejaa, zote ndani ya chumba kidogo chenye paa la bati lisilo na dari. Nilikuja kujua baadaye kwamba katika kila hatua tulifanya kinyume cha kile betri zile zilichohitaji. Naandika kwa sababu ushauri uleule bado unatolewa kila siku madukani, maofisini na majumbani, na watu wanaufuata kwa nia njema huku wakipoteza fedha zao.

Ushauri huo una asili yake, wala waliotupa hawakuwa waongo. Ulihusu betri za nikeli na kadimi, ambazo Mswidi Waldemar Jungner alizibuni mwaka 1899 na ambazo kwa miongo mingi ziliendesha simu za upepo, kamera za video na hata kompyuta za kubebeka za mwanzo. Betri za aina hiyo zikichajiwa mara kwa mara kabla hazijaisha ziliweza kupunguza uwezo wake, kana kwamba zinakumbuka mahali zilipozoea kuishia, na ndiyo maana ilikuwa sahihi kuzimaliza kabisa mara kwa mara. Lakini mwaka 1980 John Goodenough na wenzake katika Chuo Kikuu cha Oxford walionyesha kwamba oksidi ya kobalti inaweza kupokea na kutoa lithiamu kwa volti kubwa. Mwaka 1985 Akira Yoshino wa Japani akatengeneza betri ya mfano iliyo salama kwa matumizi. Na mwaka 1991 kampuni ya Sony ikaanza kuziuza. Wanasayansi hao wawili, pamoja na Stanley Whittingham aliyeanza kazi hiyo kabla yao katika miaka ya 1970, walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Kompyuta mpakato zinazouzwa madukani leo, ziwe mpya au mtumba, zina betri ya lithiamu, na betri ya lithiamu haina mazoea ya kukumbuka ilipoishia. Kanuni yetu ya mlangoni ilikuwa imepitwa na wakati kabla wanafunzi wangu hawajazaliwa.

Naomba nieleze kidogo kinachotokea ndani ya betri hizi, kwa sababu mtu akishakielewa hahitaji tena kukariri orodha ya makatazo. Ndani ya kila seli kuna pande mbili, mmoja wa grafiti na mwingine wa oksidi yenye kobalti au madini yanayofanana nayo, na katikati yake kuna kimiminika kinachopitisha ioni za lithiamu. Unapochaji, ioni huhama kutoka upande wa kobalti na kwenda kujipenyeza kati ya matabaka ya grafiti. Unapotumia kompyuta, hurudi zilikotoka. Seli ikiwa katikati ya kazi yake huwa na volti zipatazo 3.7, na ikijaa kabisa hufika 4.2. Kadiri volti zinavyopanda kuelekea huko juu, ndivyo kile kimiminika kinavyozidi kuvunjika na kuacha ukoko juu ya grafiti, na kila ukoko unaoongezeka hunasa sehemu ya lithiamu ambayo haitarudi tena kufanya kazi. Huko ndiko kuzeeka kwa betri. Hakuepukiki, lakini mwendo wake tunaweza kuupunguza au kuuharakisha, na mambo mawili yanayouharakisha kuliko mengine ni joto na kukaa muda mrefu betri ikiwa imejaa.

Upande wa chini nako kuna hatari ya aina yake. Kompyuta ikijizima kwa kuishiwa chaji, bado huwa imebakiza akiba ndogo ili kuilinda betri. Ukiiweka kabatini katika hali hiyo kwa wiki sita au miezi mitatu, akiba ile huvuja polepole, na volti za seli zikishuka mno, shaba inayobeba umeme upande wa grafiti huanza kuyeyuka na kuingia katika kimiminika. Ukijaribu kuichaji tena, shaba hiyo hujitandika mahali isipotakiwa na inaweza kuunganisha pande mbili ambazo hazipaswi kugusana. Kwa sababu hiyo watengenezaji huweka ndani ya betri saketi ndogo ya ulinzi inayokataa kabisa kupokea chaji seli zikishashuka kiasi hicho. Zile kompyuta zetu 9 zilikuwa miongoni mwa zilizowekwa tupu. Betri zilikataa kuchajiwa kwa sababu ilikuwa salama zaidi kukataa.

Hapa sina budi kugusa kazi ya baadhi ya mafundi wetu, ninaowaheshimu kwa ubunifu wao, lakini ambao kwa jambo hili wanacheza na moto. Betri ikikataa chaji, wapo wanaoifungua na "kuishtua" kwa kuunganisha nyaya moja kwa moja kwenye seli ili kuikwepa ile saketi ya ulinzi. Ni kweli kwamba mara nyingine huamka na mteja akaondoka akiwa na furaha. Lakini anaondoka na betri ambayo ndani yake huenda shaba imekwisha kutapakaa, na anakwenda kuichaji usiku, pengine juu ya godoro, katika chumba wanacholala watoto. Namsihi kila fundi anayesoma barua hii aache jambo hilo, na namsihi mteja asilidai.

Nirudi kwenye joto, maana kwa nchi yetu hilo ndilo lenye uzito zaidi, na ndilo linalosemwa kwa nadra kuliko yote. Kuna vipimo vinavyonukuliwa sana na wataalamu wa betri: betri ya lithiamu ikihifadhiwa mwaka mzima bila kutumika katika nyuzi 25 za Selsiasi ikiwa na chaji ya asilimia 40, hubaki na takriban asilimia 96 ya uwezo wake, ikihifadhiwa katika joto hilohilo ikiwa imejaa, hubaki na asilimia 80 hivi. Joto likipanda hadi nyuzi 40, ile yenye chaji ya asilimia 40 hubaki na asilimia 85, na ile iliyojaa hubaki na asilimia 65 tu. Tafadhali msomaji asome tena tarakimu hizo. Betri mbili zilizotoka kiwandani siku moja, zisizotumika hata dakika moja, zinaweza kutofautiana kiasi hicho kwa sababu tu ya mahali zilipowekwa na kiasi cha chaji kilichoachwa ndani yake.

Baada ya mkasa wetu niliazima kipimajoto kutoka maabara ya fizikia na kukitundika katika ile stoo ya bati. Saa nane mchana mwezi Februari kilisoma nyuzi 41. Ndani ya gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani hali huwa mbaya zaidi ya hapo, na bado ni desturi yetu kuiacha kompyuta kwenye buti au kiti cha nyuma wakati tukiingia kikaoni, tukihofia mwizi na kusahau jua. Apple huelekeza kompyuta zake zitumike katika nyuzi 10 hadi 35, na zikihifadhiwa muda mrefu ziachwe na chaji kama nusu. Kwa mkazi wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa kati ya Desemba na Machi, kivuli chenyewe kinakaribia ukingo huo kabla hata kompyuta haijawashwa na kuanza kutoa joto lake.

Jina letu zuri la kompyuta mpakato nalo, kwa bahati mbaya, linatualika kwenye kosa. Tunaipakata kama mtoto, juu ya kanga, juu ya mto, juu ya blanketi, ilhali matundu ya kuvutia hewa katika nyingi ya mashine hizi yapo upande wa chini. Ukiyaziba, feni huvuma kwa nguvu bila kupata hewa, na joto lote la kichakata hubaki ndani likiichemsha betri iliyo jirani yake. Meza ngumu inatosha, na kwa mwanafunzi asiye na meza hata ubao mwembamba au trei ya kubebea vyombo inafaa. Vumbi nalo si jambo dogo kwa sisi tunaofundisha kando ya barabara za udongo. Tangu tuanze kumwomba fundi afungue na kupuliza feni za mashine zetu mara moja kwa mwaka, kelele zake zimepungua na sehemu ya chini haiunguzi tena mapaja.

Wengi huuliza kama ni vibaya kuchaji mara nyingi kidogokidogo. Si vibaya hata kidogo. Watengenezaji huhesabu maisha ya betri kwa mizunguko, na mzunguko mmoja ni kutumia jumla ya asilimia 100, hata kama ni kwa siku mbili au tatu. Ukitumia asilimia 40 leo ukachaji, na asilimia 60 kesho ukachaji, umemaliza mzunguko mmoja tu. Betri nyingi za kawaida hudumu mizunguko 300 hadi 500 kabla hazijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo wa mwanzo, na zile za kompyuta za MacBook za miaka ya karibuni zimeundwa kufika mizunguko 1,000. Mizunguko mifupi ya katikati huichosha betri kidogo kuliko safari ndefu za kutoka sifuri hadi mia, kwa hiyo anayechomeka waya akiona imebaki asilimia 30 na kuuchomoa ikifika 80 anaitendea wema mkubwa. Kumaliza chaji yote kunahitajika mara chache tu, pengine mara mbili au tatu kwa mwaka, pale ambapo kipimo cha asilimia kimeanza kudanganya, kompyuta ikazima ghafla huku ikisoma asilimia 20. Hapo unakuwa unarekebisha kipimo. Betri yenyewe haipati faida yoyote.

Kuna ushauri mwingine ambao nausikia zaidi maofisini, kwamba anayefanya kazi mezani muda wote achomoe betri kabisa na kutumia umeme wa ukutani peke yake. Huko ambako umeme haukatiki pengine una maana. Kwetu ni kujitafutia hasara, kwa sababu betri ndiyo inayookoa kazi pindi umeme unapokatika, na ndiyo inayoipokea mashine wakati umeme unaporudi kwa kurukaruka. Nimemwona katibu muhtasi akipoteza kumbukumbu za kikao cha siku nzima kwa kufuata ushauri huo. Isitoshe, kompyuta nyingi zilizotengenezwa katika miaka ya karibuni zina betri iliyofungwa ndani kwa skrubu, isiyochomoka kwa mkono.

Dawa iliyo bora kuliko hiyo ipo tayari ndani ya mashine nyingi, na ni ajabu kwamba wauzaji wengi hawaitaji. Ni uwezo wa kuiamuru kompyuta isichaji zaidi ya asilimia 80, na katika baadhi ya mashine asilimia 60, hata ikiachwa kwenye umeme wiki nzima. Lenovo wameiweka ndani ya programu yao iitwayo Vantage, ASUS ndani ya MyASUS, na katika mashine nyingi za HP na Dell zinazonunuliwa na maofisi hupatikana ndani ya BIOS, yaani ile kurasa ya mipangilio inayofunguka kwa kubonyeza kitufe maalumu kabla Windows haijawaka. Kompyuta za Apple zimekuwa na utaratibu wa kujisimamia wa namna hiyo tangu mwaka 2020. Kwa anayeiacha kompyuta mezani ikiwa imechomekwa tangu asubuhi hadi jioni, kuweka kikomo hicho ni kazi ya dakika tano, na sijui hatua nyingine ndogo yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Walimu wenzangu walihofu kwamba kikomo cha asilimia 80 kingetupunguzia muda wa kufundisha umeme ukikatika. Tulipiga hesabu pamoja ofisini. Asilimia 80 ya saa tatu ni saa mbili na dakika 24. Vipindi viwili mfululizo vya dakika 40 ni saa moja na dakika 20. Inatosha na kubaki. Na siku mtu anaposafiri kwa basi kwenda Mwanza na anataka kuandika njiani, anaondoa kikomo usiku wa kuamkia safari na kuijaza hadi mia bila wasiwasi wowote, kwa sababu kinachodhuru ni kukaa imejaa siku nenda rudi katika joto. Kujaa kwa saa chache hakudhuru. Hali ni hiyohiyo kwa anayeacha kompyuta ikichaji usiku kucha. Haitajazwa kupita kiasi na kulipuka, kama wengi wanavyoogopa, kwa kuwa saketi yake hukata chaji ikishajaa; ila kama ndivyo anavyofanya kila usiku, bora aweke kikomo.

Sasa niseme kuhusu mtumba, kwa kuwa ndiko wengi wetu tunakonunua. Kompyuta iliyotumika miaka minne ofisini Ulaya au Marekani, kisha ikapita Dubai na kukaa ndani ya kontena juani, hufika dukani Kariakoo ikiwa na sura safi na betri iliyozeeka. Mnunuzi anakagua kioo, anakagua kibodi, anawasha muziki asikie spika, analipa. Betri haikaguliwi, wakati ukaguzi wake ni rahisi kuliko wote. Kwenye mashine yenye Windows, andika cmd katika kisanduku cha kutafutia, bonyeza Enter, kisha katika dirisha jeusi litakalofunguka andika powercfg /batteryreport na ubonyeze Enter tena. Kompyuta itatengeneza ripoti na kukuonyesha faili lilipohifadhiwa. Ndani yake tafuta mistari miwili: DESIGN CAPACITY, ambao ni uwezo betri iliotoka nao kiwandani, na FULL CHARGE CAPACITY, ambao ni uwezo iliobaki nao leo. Gawanya wa pili kwa wa kwanza. Betri bora kati ya zile zilizosalia shuleni kwetu ilikuwa imebaki na asilimia 62, na mbaya kuliko zote asilimia 31. Laiti ningalijua kuandika maneno hayo mawili siku tulipokuwa tunanunua, tungalipunguziwa bei au tungalichagua mashine nyingine.

Aliyekwisha kununua na sasa anahitaji betri mpya, atakutana na mtihani mwingine. Bei ya betri nzuri tuliyotajiwa ilikaribia nusu ya bei tuliyonunulia kompyuta yenyewe, na kando yake kulikuwa na nyingine za bei ya chini zilizoandikwa uwezo wa kushangaza. Kuna hesabu ndogo inayoweza kumwokoa mnunuzi. Betri nene za kuchomoa, za mtindo wa zamani, hujengwa kwa seli za mviringo ziitwazo 18650, jina linalotokana na upana wake wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Seli bora za ukubwa huo zinazouzwa kwa wingi hubeba takriban mAh 3,500, yaani kipimo cha kiasi cha chaji ambacho seli inaweza kuhifadhi. Betri yenye seli sita huzipanga jozi tatu, kwa hiyo haiwezi kuzidi mAh 7,000 kwa volti 11 hivi. Ukiona betri ya seli sita imeandikwa mAh 12,000, weka chini, kwa kuwa aliyedanganya kwenye karatasi ya nje hana sababu ya kusema kweli kuhusu saketi ya ulinzi iliyo ndani. Ipakate pia mkononi upime uzito. Betri nyepesi kupita kiasi ina seli pungufu au dhaifu.

Betri ikivimba, mjadala umekwisha. Dalili zake ni kibodi kunyanyuka, kiguso cha kipanya kushindwa kubonyea, au kompyuta kuyumba ikiwa juu ya meza iliyonyooka. Kilichomo ndani ni gesi iliyotokana na kuvunjika kwa kile kimiminika nilichokitaja. Zima mashine, chomoa chaja, usiibonyeze irudi, usiitoboe kutoa hewa, na usiitupe kwenye jalala la mtaani ambako watoto huokota vyuma au takataka huchomwa moto. Mpelekee fundi anayeaminika aitoe, na iwekwe mbali na vitu vinavyoshika moto hadi ipelekwe kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Najua wapo watakaosema kwamba betri ni kitu cha kununua kingine kikiisha, na kwamba barua ndefu juu yake ni kupoteza karatasi. Kwa mzazi aliyeuza mahindi ili mwanawe aende chuo na kompyuta, hakuna kingine cha kununua. Na hata kwa mwenye fedha, ningependa akumbuke kobalti iliyo ndani ya betri yake inatoka wapi. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, sehemu kubwa katika machimbo ya Kolwezi na maeneo ya jirani, ambako watu wanazungumza Kiswahili kama sisi na ambako wapo wanaoingia mashimoni kuchimba kwa sululu na mikono. Shehena nyingi ya madini hayo hupita kwa malori Tunduma na kutokea bandari ya Dar es Salaam. Inapita hapa hapa Morogoro, umbali mfupi kutoka dirisha la darasa langu. Kila betri inayodumu miaka mitano badala ya miwili inalipunguzia deni jasho hilo.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina maombi matatu. Wauzaji wa kompyuta za mtumba waichapishe ripoti ya betri na kuibandika juu ya kila mashine, kama wanavyobandika ukubwa wa kumbukumbu na bei. Mamlaka zinazosimamia ubora wa bidhaa zifikirie kulifanya hilo kuwa sharti, na zizikague betri za badala zinazoingizwa zikiwa zimeandikwa uwezo usiowezekana. Na gazeti lako, ambalo husomwa hadi vijiji ambavyo mtandao hauwafikii wengi, litoe maelezo haya kwa Kiswahili katika ukurasa wa teknolojia, kwa kuwa miongozo iliyo ndani ya maboksi ya kompyuta huja kwa lugha nyingi isipokuwa ya kwetu.

Shuleni kwetu tuliikwangua ile karatasi ya mlangoni. Kabla ya kila likizo sasa tunashusha au kupandisha chaji ya kila mashine hadi ikaribie asilimia 50, tunaizima kabisa badala ya kuilaza, na kuihamishia katika chumba cha maktaba chenye dari na madirisha yanayotazama mlimani. Katikati ya likizo mlinzi hunifungulia, nikakagua zote na kuziongezea chaji zilizoshuka. Kwa mwaka mmoja na nusu, betri tulizobadilisha zimepoteza chini ya asilimia 5 ya uwezo wake. Likizo ya Juni imekaribia. Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, kabla hujafunga kufuli, washa moja moja utazame kila moja imebaki na asilimia ngapi, kisha utazame juu uone kama kuna dari.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa sekondari,
Morogoro